Mafuta ya Hoima yatafika lini jikoni?

Mtoa hoja, Bwaise, Kampala

Habari zenu. Naleta mezani jambo linaloniuma, tulijadili.

Nyumba ninayopanga ina vyumba saba, mita moja ya Yaka, ya umeme wa kulipia kabla, ukutani na sigiri saba uani. Kila alfajiri wapangaji saba tunawasha mkaa, na watoto wanakohoa. Mwenye nyumba amekataza kupika kwa umeme. Birika marufuku, pasi marufuku, kwa sababu mita ni ya wote na hataki ugomvi wa nani amemaliza uniti.

Wakati huohuo, bwawa la Karuma lilizinduliwa Septemba 2024, megawati 600. Jumlisha Bujagali 250, Isimba 183 na mabwawa mawili ya Jinja: mitambo yetu yote ina uwezo wa zaidi ya megawati 2,000, na sehemu kubwa kabisa ni nguvu za maji. Umeme wetu ni safi kuliko wa nchi nyingi za bunge lile la Ulaya lililopitisha azimio la kututaka tusitishe bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga, Septemba 2022. Lakini takriban kaya tisa kati ya kumi nchini zinapika kwa kuni au mkaa.

Sasa tazameni tunavyobishana. Upande mmoja: bomba lijengwe, mafuta ni yetu, wazungu walichoma ya kwao miaka mia. Upande wa pili: bomba lisimame, dunia inaungua. Nimezisoma hoja zote mbili kwa makini na zote zina ukweli. Mganda mmoja kwa mwaka hafikishi hata robo tani ya kaboni itokanayo na mafuta na makaa ya mawe, na wastani wa dunia ni zaidi ya tani nne. Anayetuambia sisi ndio tuanze kujinyima anatuonea. Lakini pia lile bomba la kilometa 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, ni la kubeba mafuta ghafi kwenda melini. Halileti hata kopo la mafuta taa Bwaise. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62 ya hisa zake, CNOOC ya China 8, sisi 15 na Watanzania 15.

Ninachotaka mimi ni kifungu cha sheria. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inasema fedha za mafuta ziende kwenye miundombinu na maendeleo, zisiliwe kwa matumizi ya kawaida. Vizuri. Basi itamke wazi kwamba fungu maalumu ni la kupikia: nyaya, mita ya kila mpangaji, majiko ya umeme, mitungi ya gesi. Lisipotajwa, litakwenda kwenye barabara na majengo, na sisi tutaendelea kupuliza sigiri.

Na bei za umeme ziangaliwe upya. Uniti 15 za mwanzo kila mwezi ni shilingi 250 kila moja. Zinazofuata hadi 80 ni zaidi ya 700. Halafu kuanzia ya 81 hadi ya 150 bei inashuka hadi 412, ndiyo wanaita bei ya kupikia. Niambieni, maskini gani anafika uniti ya 81? Punguzo la jikoni limewekwa mahali ambapo mwenye friji na pasi ndiye anayelifikia.

Karibuni.

Dereva wa lori, Malaba

Dada, nimekusoma. Mimi natoa mafuta Mombasa na Eldoret kuleta Kampala, mwaka wa kumi na nne huu. Unazungumzia jiko, mimi nazungumzia shingo. Shingo ya nchi hii iko hapa mpakani. Januari 2008, Kenya ilipochafuka baada ya uchaguzi, reli iling'olewa Kibera na Kampala ikakauka. Januari 2022 tuligoma kwa sababu ya malipo ya vipimo vya korona, foleni ya malori ikapoteza mwisho, na kuna sehemu lita ya petroli ilifika shilingi 10,000. Mwenye boda aliegesha pikipiki. Nauli ikapanda, nyanya zikapanda, kila kitu kikapanda. Tangu Julai 2024 kampuni yetu ya taifa inaagiza mafuta yenyewe kupitia kampuni ya Vitol, sawa, lakini njia ni ileile.

Kwa hiyo mimi naunga mkono uchimbaji, na ninachokidai ni kiwanda cha kusafisha. Mapipa 60,000 kwa siku pale Kabaale, mkataba na Alpha MBM ya Falme za Kiarabu ulitiwa saini Machi 2025. Kilitakiwa kitangulie bomba! Mafuta yaligunduliwa 2006. Mwanangu aliyezaliwa mwaka ule sasa ana leseni ya kuendesha, na tanki lake bado analijaza mafuta ya mbali.

Ukisema petroli ni uchafu, nakubali. Lakini hakuna lori la tani thelathini linalopanda hapa hadi Kampala kwa nguvu za jua.

Mwanafunzi, Kasese

Shikamoo mzee wangu wa Malaba. Naomba nipingane nawe kwa heshima.

Mimi nimekulia kando ya mto Nyamwamba. Mei 2020 ulishuka na mawe makubwa kama magari, ukaifumua hospitali ya Kilembe ambako mama alinizalia. Ulikuwa umeshatuvamia 2013. Juu ya Rwenzori, barafu iliyokuwa takriban kilometa za mraba 7 mwaka 1906 leo haifiki hata moja. Babu yangu aliiona nyeupe kutoka shambani, mimi naonyeshwa kwa kidole.

Dada anasema Mganda hachafui hewa. Ni kweli kwenye daftari la Uganda. Lakini bomba likifika kilele, mapipa 246,000 kwa siku, wapinzani wake wamekadiria kaboni ya takriban tani milioni 34 kwa mwaka yakishachomwa. Yatachomwa Asia au Ulaya, yataandikwa kwenye daftari lao, na mvua itakuja kunyesha Kasese. Siombi ruhusa ya mzungu kulisema hilo. Vijana waliokamatwa Kampala kwa kuandamana dhidi ya bomba ni Waganda, wanaishi hapa.

Na kuna suala la pesa. Mafuta yetu ni mazito, yana nta, yanaganda yasipopashwa moto, kwa hiyo bomba zima litapashwa hadi karibu nyuzi 50 njia nzima. Ni kazi ghali. Magari ya umeme yanazidi kuongezeka duniani; Kiira Motors wenyewe wanaunda mabasi ya umeme pale Jinja. Bei ya pipa ikianguka, deni litabaki kwa nani?

Mkulima, Hoima

Mnajadili kaboni, mnajadili bei. Ruhusuni na mtu wa kwenye ardhi yenyewe aseme.

Shamba letu lilipimwa kwa ajili ya mradi mmoja wa mafuta, siutaji. Walikuja na rangi, wakahesabu migomba, miti ya kahawa, hata kaburi la baba. Wakatuambia kuanzia tarehe hii msipande kitu cha kudumu. Mwaka ukapita bila malipo, wa pili ukapita. Ukipanda muhogo wa miezi michache unaambulia kidogo, lakini mti mpya wa kahawa huruhusiwi, na wa zamani unazeeka. Watoto wawili waliacha shule katika kipindi hicho cha kungoja. Pesa ilipokuja ilikuwa ya bei za tulipopimwa, na jirani zetu nao walikuwa wamelipwa, kila mtu anatafuta kiwanja, bei ya ardhi imeruka.

Mimi sipingi mafuta. Barabara ya lami imekuja, kijana wangu mkubwa alipata kazi ya ulinzi kambini. Lakini dada wa Bwaise, unapoandika kifungu chako cha kupikia, sisi tulio juu ya mafuta tunapikia kuni. Waya wa umeme umepita kwenda kambini, haukukata kona kuja kwetu.

Muuza mkaa, Gulu

Nimesoma hadi hapa nikasema leo sinyamazi. Mei 2023 rais alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya mkaa huku kaskazini. Niliunga mkono kwa moyo, msishangae. Nimeona miti ya shea, ile tunayokamulia mafuta tunayoyaita moo yao, ikiangushwa kwa msumeno wa mashine. Mti unaochukua miaka isiyopungua kumi na tano kuzaa, unakuwa magunia machache.

Lakini amri haikuleta jiko. Kampala iliendelea kula, na chakula kinapikwa kwa kitu. Malori yalianza kupita usiku, njia za pori, na kila kizuizi kina bei yake. Mkaa ukapanda, mti ukaendelea kuanguka. Ndiyo maana siwaelewi wanaotaka kukataza kwanza na kutafuta badala baadaye, iwe ni mkaa wangu au ni mafuta.

Dada, swali kwako. Umeme wa kupikia unausema kama jambo jepesi. Maharage yanachemka kwa muda wa saa tatu. Nani ataziweza uniti hizo?

Mtoa hoja, Bwaise

Asanteni. Nimejifunza, na kuna sehemu nabadilisha msimamo.

Mzee wa Hoima, pole sana. Kifungu changu kilikuwa kinaanzia Kampala. Kinapaswa kuanzia kwenu. Kijiji kilichotoa ardhi kiwe cha kwanza kupata waya, kabla ya pipa la kwanza kuondoka. Hilo naliandika juu kabisa.

Mwanafunzi, sikubaliani nawe kwamba tusimamishe. Fedha zimeshazama humo na deni ni letu kwa vyovyote. Tukiacha katikati tunabaki na deni bila mafuta. Ila hoja yako ya bei ya pipa imenikosesha usingizi. Inanifanya nitake fungu la kupikia litengwe kutoka mapato ya miaka ya mwanzo, wakati mafuta bado yana mnunuzi. Tukingoja mwaka wa ishirini tutakuta hakuna kitu.

Na msiniambie niwaamini tu wakubwa. Sote tunakumbuka zile shilingi bilioni 6 walizogawiwa maafisa 42 wa serikali baada ya nchi kushinda kesi ya kodi dhidi ya kampuni ya mafuta ya Heritage. Ile ilikuwa kodi ya kuuziana vitalu tu, kabla hata tone halijauzwa. Ndiyo sababu nang'ang'ania kiandikwe kwenye sheria, kwa kiwango na kwa jina.

Mzee wa Malaba, kiwanda nakubali, kwa sharti moja: gesi ya mitungi itakayotoka humo iuzwe humu kwanza.

Dada wa Gulu, maharage. Nimepima mwenyewe kwa dada yangu Ntinda, ana jiko la umeme la presha na mita yake peke yake. Kilo moja iliyolowekwa usiku iliiva na haikumaliza uniti moja. Hata kwa bei ile ya juu ni chini ya shilingi 800. Mimi uani natumia mkaa wa 2,000 kwa maharage hayohayo. Shida si uniti, shida ni bei ya jiko lenyewe na mita ya pamoja.

Muuza mkaa, Gulu

Haifiki uniti moja? Basi mimi nitauza majiko hayo. Sina mapenzi na mkaa, nina watoto watatu. Lakini nani atanikopesha mtaji? Benki inataka hati ya ardhi.

Mkulima, Hoima

Na sisi tunataka hati. Ya ile ardhi mpya bado tunaisubiri.

Mtoa hoja, Bwaise

Nimeongea na wapangaji wenzangu jana jioni. Vyumba vitano kati ya saba wako tayari kuchanga tununue jiko moja la presha la pamoja, la maharage na nyama tu, tuone mwezi mmoja mita inasemaje. Tukipika wote kwenye mita moja huenda ndiyo tukaivuka ile uniti ya 80 na kuipata bei ya 412. Aliyebaki ni mwenye nyumba. Jumamosi tunamwona, na karatasi ya hesabu nimeshaiandika.