USHAURI: Naiga sauti za watu maarufu, nataka iwe kazi. Nianzie wapi hapa Mombasa?

Kijana_Changamwe:
Salaam aleikum wanajukwaa. Naiga sauti za wanasiasa na watangazaji, na maskani wanacheka sana. Nataka nipande jukwaani nichekeshe peke yangu, baadaye iwe ndiyo kazi. Mbona sauti huchekesha sekunde chache halafu watu wananyamaza? Dakika tano za kwanza zinatengenezwaje? Na kwa Mombasa hela iko wapi, au ni lazima nihamie Nairobi? Wenye ujuzi nisaidieni.

Mla_Mahamri:
Aleikum salaam mdogo wangu. Hilo la sauti ndilo linalowamaliza waigaji wengi. Mtu akisikia sauti anayoijua ikitoka kwako, kicheko cha kwanza ni cha kutambua tu: "Ndiye huyo huyo!" Hukipati mara ya pili. Kuanzia hapo watu wanangoja kichekesho chenyewe, na kama hakipo wanabaki kukutazama. Andika maneno kwanza, sauti baadaye. Soma ulichoandika kwa sauti yako ya kila siku mbele ya mtu asiyekuonea haya. Asipocheka popote, sauti ya rais haitakuokoa.

Halafu mtoe mhusika mahali pake. Rais akihutubia ni taarifa ya habari. Rais huyo huyo kabanwa kwenye feri ya Likoni jioni, kati ya mkokoteni wa ndizi na mama mwenye kuku, anatoa hotuba na hakuna anayegeuka: hapo umepata kitu. Mpe shida ndogo, aitatue kwa tabia yake ile ile ya mkutanoni. Mwanasiasa wa vitendawili mpeleke akanunue viazi karai kwa vitendawili, huku foleni imefika barabarani na muuzaji anataka kujua jambo moja tu: vya shilingi ngapi?

Koo_la_Kazi:
Naongezea upande wa sauti. Usimchague mtu kwa umaarufu peke yake, chagua ambaye kimo cha sauti yake, yaani wembamba au uzito wake, hakiko mbali na chako. Tafuta klipu tatu za kila mmoja: akihutubia, akihojiwa kwa utulivu, na akiwa amekasirika au anacheka. Wengi huiga hotuba tu, ndiyo maana mhusika wao ana hali moja na dakika ya pili ameisha.

Sikiliza mwendo kwanza, anavuta wapi na anakata wapi. Kisha kimo. Kisha sauti inatokea wapi: puani, kifuani au kooni. Maneno anayoyarudia yaje mwisho, ijapokuwa wengi huanza nayo. Mwai Kibaki, kwa mfano, alikuwa ni mapumziko zaidi kuliko sauti. Ukimwiga bila kusita katikati ya sentensi umemkosa. Moi ni mkwaruzo, mwendo wa pole, na rungu mkononi. Watafute Redykyulass, kundi la wachekeshaji: Walter Mong'are alimwiga Moi kwenye televisheni mzee akiwa bado Ikulu. Mtazame mwili, usisikilize sauti tu. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Frere Town hapa hapa, ni somo zuri sana la matamshi, lakini pima umri wa hadhira. Kumwiga asiyetambulika ni kazi bure.

Mazoezi: weka klipu kwenye kasi ya 0.75, chukua sentensi moja, jirekodi kwa simu, zisikilize zote mbili moja baada ya nyingine. Dakika 20 kwa siku zatosha. Mkwaruzo usiutoe kwa kubana koo. Teremsha sauti kifuani na usukume kwa pumzi. Koo likianza kuwasha, acha mpaka kesho. Jukwaani sauti inayokwaruza iwe ya mwisho, maana ukianza nayo inaharibu zote zinazofuata.

Fundi_Mitambo:
Maiki nayo ina heshima zake. Vidole vitatu kutoka mdomoni ukiongea kawaida. Ukipaza sauti ya mkutano isogeze hadi shubiri, la sivyo sauti inapasuka kwenye spika. Usifunike kichwa cha maiki kwa kiganja kama wafanyavyo waimbaji wa rap: sauti inavimba, maneno hayasikiki, na ule mluzi unaanza. Usipite mbele ya spika. Ukiitoa maiki kwenye stendi, iweke stendi nyuma yako. Ikibaki mbele inawaziba watu.

Kazi za hoteli za ufuoni, Nyali hadi Bamburi, beba sponji yako ya maiki. Ni ya bei ndogo, na bila hiyo upepo wa bahari unanguruma kuliko wewe. Nje hakuna dari wala kuta za kurudisha kicheko, watu wanacheka na wenzao hawawasikii. Omba viti vya mbele visizidi mita mbili kutoka ulipo, na visiachane.

Dada_Mji_wa_Kale:
Dakika tano ni maneno yasiyozidi 600, vicheko navyo vinakula muda. Lenga panchi, yaani neno la kuwachekesha, kila baada ya sekunde 15 hadi 20. Kinachochekesha kikae mwisho kabisa wa sentensi. Linganisha: "Mheshimiwa aliomba chenji ya tuktuk jana pale Buxton." Na: "Jana pale Buxton mheshimiwa kashuka kwenye tuktuk, kafunga koti, kapungia watu mkono, kageuka... kaomba chenji." Maneno karibu ni yale yale, lakini la kwanza limemwaga siri mwanzoni. Kichekesho chako bora kifunge, kinachokifuata kwa ubora kifungue. Ukionyeshwa taa ya muda, malizia. Anayepitiliza haitwi tena.

Hela ya Mombasa iko kwenye uemsii, yaani kuongoza shughuli: harusi, hafla za makampuni, hoteli. Harusi ya Mji wa Kale si baa ya Mtwapa, kwa hiyo uwe na dakika 15 safi zisizo na tusi hata moja. Ramadhani kazi hukauka, Idi zikarudi. Hoteli hujaa Agosti na Disemba. Wageni wa Ulaya hawawajui wanasiasa wetu, waigie mtangazaji wa mpira au kondakta wa matatu. Kabla ya kukubali kazi yoyote, tuma ujumbe wa maandishi: saa, muda wako, mitambo ni ya nani, nauli, na nusu ya malipo kwa M-Pesa kabla ya siku yenyewe.

Mwana_Kisauni:
Mimi nasema aende Nairobi mapema. Televisheni ziko huko, na Churchill Show, kipindi cha vichekesho cha Daniel Ndambuki, ndiyo iliyowatoa wengi.

Dada_Mji_wa_Kale:
Kaka, aende, lakini akiwa na dakika 20 za vichekesho alivyokwisha kuvijaribu jukwaani. Televisheni inakula kichekesho mara moja tu. Kikishaonekana nchi nzima kimekwisha. Akienda na tano, wiki ya pili atasema nini?

Mkaa_Sheria:
Tahadhari moja. Usisambaze sauti tupu ya mtu bila sura yako kwenye video. Klipu ikitembea WhatsApp, watu wataamini ni yeye aliyesema. Wala usipige simu kwa sauti ya mtu ili upate chochote. Kifungu cha 29 cha sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 kinamshika anayetumia utambulisho wa mwingine kwa ulaghai: faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Kijana_Changamwe:
Shukran sana nyote. Dakika tano niweke wahusika wangapi?

Koo_la_Kazi:
Wawili, wa tatu awe wa kufungia. Kati yao rudi kwenye sauti yako mwenyewe, sentensi mbili tatu, sikio lipumzike na watu wakujue wewe ni nani. Wahusika wakizungumza wenyewe kwa wenyewe, mmoja atazame kulia daima, mwingine kushoto, na maiki igeuke na kichwa. Ukiiacha katikati, wote wawili hawatasikika vizuri.