Bodi ya Huduma za Afya ya Halmashauri ina nguvu gani katika kupanga vipaumbele?

Mjumbe Mpya:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimechaguliwa kuwa mjumbe wa Bodi ya Huduma za Afya ya Halmashauri yetu, nikiwakilisha watumiaji wa huduma, na kikao changu cha kwanza kilikuwa cha kupitisha Mpango Kabambe wa Afya, yaani mpango wa mwaka wa shughuli na bajeti ya afya ya Halmashauri. Tulikabidhiwa kabrasha nene asubuhi ileile, na kufikia mchana mpango ulikuwa umepita. Kata yangu inaomba wodi ya wazazi, kata jirani inaomba gari la wagonjwa, nami sikuona mahali palipoeleza kwa nini ombi moja limetangulizwa na jingine limeachwa. Vipaumbele hivi hupangwa na nani hasa, na mjumbe anayetoka kwa wananchi anaweza kuvibadili?

Katibu wa Afya Mstaafu:
Hongera kwa kuaminiwa, ndugu yangu. Kwa muundo wa Tanzania Bara, Bodi husimamia na kujadili mpango, lakini haiuandiki. Unaandikwa na Timu ya Uendeshaji wa Huduma za Afya chini ya Mganga Mkuu wa Halmashauri, ambaye ndiye pia katibu wa Bodi, kwa hiyo anayeandaa mpango ndiye anayeandaa ajenda ya kuujadili. Simlaumu mtu kwa hilo, ila mjumbe anayesubiri kabrasha siku ya kikao amekwisha kuchelewa. Ombeni rasimu mapema, pamoja na takwimu za vituo ambazo rasimu hiyo imezitumia.

Fahamu pia kwamba fedha nyingi hufika zikiwa na kazi yake. Mishahara hulipwa na Serikali Kuu, na Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na washirika wa maendeleo, una masharti yake ya matumizi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko huo zinazolenga vituo hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti zao, hivyo mambo mengi ya zahanati huamuliwa na kamati ya usimamizi ya kituo pamoja na mganga mfawidhi. Wodi ya wazazi ni ujenzi, nao hutegemea zaidi fedha za maendeleo na mapato ya ndani, ambako sauti ya diwani wako ina uzito kuliko ya Bodi. Zungumza naye kabla ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha fedha zitakazotumika, haujagawanywa.

Mtafiti wa Pwani:
Naongeza jambo moja ambalo kila Bodi ingelifahamu. Katika miaka ya 1990, mradi uliofanywa na Wizara ya Afya pamoja na shirika la utafiti la IDRC la Kanada katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini ulilinganisha magonjwa yaliyokuwa yakiua watu na mgawanyo wa fedha. Morogoro, malaria ilichangia takriban asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea kutokana na vifo, lakini mwaka 1996 ilitengewa takriban asilimia 5 tu ya bajeti ya afya. Hakuna aliyekusudia hivyo. Bajeti ilikuwa ikinakiliwa mwaka hadi mwaka, na wapangaji hawakuwa na picha ya vifo vinavyotokea majumbani, nje ya hospitali. Walipopewa picha hiyo, pamoja na nyongeza ndogo ya fedha, wilaya zenyewe zilihamishia fedha kwenye malaria na matibabu ya watoto, na vifo vya watoto vikapungua.

Mama wa Mbarali:
Nakubaliana na mtafiti, lakini hesabu ya magonjwa haimalizi kila kitu. Mama anayetokwa damu usiku ni mmoja, ilhali wagonjwa wa kikohozi ni wengi, na bado gari linalomfikisha hospitali haliwezi kupimwa kwa idadi ya safari zake. Hapo panahitajika majadiliano ya haki. Wilaya yetu ya Mbarali, sawa na Malindi kule Kenya, ilishiriki utafiti uliojaribu utaratibu wa Norman Daniels na James Sabin, wanazuoni wa Marekani walioandika kuhusu haki katika kugawa huduma za afya: sababu za uamuzi ziwe zile ambazo wadau wenye nia njema wanaweza kuzikubali, zitangazwe hadharani, wasioridhika wapate njia ya kukata rufaa, na awepo wa kuhakikisha kwamba hayo yanatekelezwa. Ningekushauri uanze na sharti la pili. Omba muhtasari wa kikao uoneshe sababu ya kila ombi kubwa lililokataliwa, kisha sababu hizo zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata na wa zahanati.

Mjumbe Mpya:
Nawashukuru sana. Je, mjumbe mmoja anaweza kudai sababu hizo ziandikwe, au lazima Bodi nzima ikubali?

Katibu wa Afya Mstaafu:
Liwasilishe kama hoja chini ya kipengele cha yatokanayo na kikao kilichopita, na utafute mapema mjumbe wa kukuunga mkono. Mwakilishi wa hospitali za mashirika ya dini mara nyingi huwa na kiu hiyohiyo ya kujua kwa nini ombi lake liliachwa.