Naomba ushauri: mwanga wa filamu fupi ndani ya nyumba ya mawe, Lamu

Kijana_Mkomani:
Assalam aleikum wadau. Natengeneza filamu fupi hapa Amu, ndani ya nyumba ya zamani. Onyesho kuu ni binti anayemwambia mamake kuwa ameamua kwenda kusoma Mombasa, na mama hajibu neno. Sitaki muziki uwalize watu. Nataka mwanga na fremu vibebe huo ukimya. Nina kamera, taa moja ndogo ya LED na fanusi. Tatizo, kuta za chokaa zinarudisha mwanga kila upande. Nyuso zote mbili zinang'aa sawasawa na hujui nani anaumia. Nifanyeje?

FundiTaa:
Zima hiyo LED kwanza. Jua linaingia kiwandani (ule ua wa katikati usio na paa), linapita misana (kumbi ndefu zinazotazama ua), na likifika ndani, chumba cha nyuma, limeshapungua nguvu. Huo tayari ni mwanga wa upande mmoja. Mama akae ndani karibu na zidaka (vile vishubaka vya ukutani), binti asimame msanani. Kisha tundika buibui kuukuu au kitambaa chochote cheusi upande wa kivuli, nje ya fremu. Kitaumeza mwanga unaorudishwa na ukuta, na shavu la pili la mama litaingia giza. Pima mwanga usoni mwa mama, ufunge kipimo cha kamera hapo hapo. Usiiachie kamera ijiamulie.

Bi_Shela:
Kitambaa nakubali. Lakini mwanangu, ukimweka binti kwenye nuru na mama gizani, umeshamhukumu mama kabla hajafungua kinywa. Kwetu kivuli ndicho raha. Jua likifika utosini kila mtu anakitafuta, na ndani ndiko kwenye faragha na heshima ya nyumba. Mpe mama mwanga mchache, ila umfike machoni. Jua la binti nalo liwe kali mpaka akunje uso, ili tuone kwamba kuondoka nako kunauma.

Msafiri_wa_Lenzi:
Vyumba hivyo ni vyembamba, maana upana hufuata urefu wa boriti za mikoko. Usikimbilie lenzi pana, nyuso zitavutika. Kamera ikae kiwandani, chini, usawa wa mkeka, upige kupitia mlangoni. Binti awe pembeni mwa fremu akitazama nje ya ukingo, bila nafasi mbele yake. Akishasema neno lake, ndipo umpe nafasi. Na kama una shoti za bandarini, piga asubuhi: mji unatazama mashariki, upande wa kisiwa cha Manda, na alasiri sura za nyumba zote zimo kivulini.

Kijana_Mkomani:
Shukrani sana. Bi Shela, hilo la jua kali nalichukua. Fanusi je? Naipenda, lakini mchana haionekani kabisa.

FundiTaa:
Subiri magharibi. Weka kamera kwenye Kelvin 5600, yaani rangi ya mwanga wa mchana: anga ya kiwandani itakuwa ya buluu, fanusi itatoa rangi ya chungwa, na mama na binti watakuwa na rangi mbili tofauti ndani ya fremu moja. Ila huku karibu na ikweta giza halichelewi. Jua likizama una kama dakika 20 tu, kwa hiyo mazoezi yote yamalizike alasiri.