Je, ni haki kuingizwa kwenye kundi la michango ya harusi bila kuulizwa?

Swali: Ndugu zangu, siku hizi mtu huamka akakuta ameingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, na kabla hata hajasalimia, jina lake limekwisha kuwekwa kwenye orodha ya ahadi. Mnalionaje jambo hili?

Jibu la kwanza: Mimi siliafiki. Zamani mwenye shughuli alikuja nyumbani na kadi ya mchango, mkazungumza, ukaahidi ulichojaliwa. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kutuma fedha kumekuwa kazi ya dakika moja, lakini urahisi huo haukumpa yeyote ruhusa ya kubandika kila jioni majina ya wasiokamilisha ahadi.

Jibu la pili: Dada yangu, mimi ni mweka hazina wa kamati, na orodha hiyo ndiyo inayolinda fedha za watu, kwa kuwa kila mchangiaji huona mchango wake umefika. Hata hivyo, nakubali kwamba wanaodaiwa wakumbushwe faraghani.

Jibu la tatu: Fungua mipangilio ya WhatsApp, nenda kwenye faragha, kisha makundi, uchague wanaoweza kukuongeza, wengine watalazimika kukutumia mwaliko kwanza.