Nimehamia sigara ya kielektroniki, ila fegi bado inaniita

Dereva wa Likoni: Habari zenu wakubwa. Nimevuta tangu 2004, pakiti moja kwa siku. Wiki tatu sasa niko na hii ya mvuke. Kikohozi cha alfajiri kimepungua, lakini nikimaliza chai na mahamri lazima niazime fegi kwa makanga. Mbili kwa siku. Kuna ubaya?

Niko Leicester: Upo kaka. Lami na kaboni monoksidi zimo kwenye moshi wa tumbaku, na hata fegi mbili zinaumiza moyo. Maji unayoweka kwenye hiyo ya mvuke yana nikotini kiasi gani? Mimi nilianza na miligramu 3, arosto ikanitesa. Nikapanda 18 (hapa Uingereza mwisho kisheria ni 20 kwa mililita), siku ya nne sikutaka fegi tena. Kisha nikashuka: 12, 6, 3. Vuta polepole, si kama fegi.

Mama wawili: Na hiyo chupa iweke mbali na watoto, tafadhali. Wakinywa ni sumu.

Dereva wa Likoni: Nimeangalia, imeandikwa 3! Kesho natafuta kali zaidi. Na chai nitanywea nyumbani, makanga asinione.