Mrejesho: Barabara ya Magadi kwa baiskeli

Ndugu zangu, nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza iwapo Barabara ya Magadi, kutoka Kiserian kuteremka hadi Olorgesailie nchini Kenya, ni salama kwa mwendesha baiskeli. Nilifuata ushauri wa kuipita kwanza kwa matatu, nikiketi mbele kando ya dereva, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo picha za setilaiti hazikulionyesha: ukingo wa lami umemegeka mahali kadhaa, kiasi kwamba anayekwepa lori huangukia kwenye kokoto. Nilipoenda kwa baiskeli yenyewe, kuondoka Jumapili alfajiri kulisaidia, kwani malori yalikuwa machache. Hata hivyo, baada ya mahali paitwapo Corner Baridi, upepo wa ubavuni ulinishinda, nikashuka na kuikokota baiskeli. Kurudi nilipanda matatu, baiskeli ikiwa kwenye keria. Kuupanda mlima ule kwenye jua la mchana sikupendekezi kwa yeyote.