Ohlsson 23 isiyo na pointi: ni toleo adimu au imevuliwa vipuri?

Mkusanyaji23:
Habari zenu, wakuu. Nimepata injini ya ndege ya mfano aina ya Ohlsson 23, iliyotengenezwa na Ohlsson & Rice wa Los Angeles. Imekaa muda mrefu hata mafuta ya nyonyo yakagandia ndani, na shafti haizunguki kabisa. Haina pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche), na kichwani imefungwa plagi ya waya unaowaka badala ya plagi ya cheche. Aliyeniuzia anasisitiza kwamba hili ni toleo adimu lililotoka kiwandani hivi hivi. Nithibitisheje?

Shafti_Kavu:
Ndugu, plagi hiyo haithibitishi lolote. Mbunifu Mmarekani Ray Arden alipoingiza sokoni plagi ya waya mwaka 1947, isiyohitaji umeme injini ikishawaka, warushaji wengi walivua pointi, koili na betri kwenye injini walizokuwa nazo tayari, kwa kuwa mzigo wote huo ulikuwa ukibebwa na ndege yenyewe. Chunguza shafti nyuma ya pangaboi. Ukikuta sehemu iliyochongwa ili kusukuma pointi, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba injini hiyo ilizaliwa ikitumia cheche.

MzeeWaKalipa:
Naafikiana na mwenzangu, ila shafti peke yake nisingeitegemea, kwani hubadilishwa, na kiwanda nacho kinaweza kumalizia akiba ya vipuri vya zamani kwenye toleo jipya. Tazama pia pua ya kasha, yaani sehemu ya mbele ya mwili wa injini inayoshika shafti: kishikio cha pointi kilichokaza hapo kwa miaka mingi huacha alama ya duara. Kisha pima kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni, ujazo wake ukaribie inchi za ujazo 0.23, yaani takriban sentimita za ujazo 3.8, halafu ulinganishe umbo la kasha na matangazo ya Model Airplane News, jarida lililoanza mwaka 1929, ukiyafuata mwezi kwa mwezi. Shukuru kwamba si Cox 0.049, injini nyingine ndogo ya ndege za mfano, ambayo silinda yake hufunguliwa kwa kuzungushwa na kufungwa kwenye kasha jingine, hata mtu akaunda "toleo adimu" mezani kwake kabla chai haijapoa.

Nyonyo_Kavu:
Usiishike kwa koleo. Ipashe joto la wastani, iloweke kwenye spiriti, kisha ujaribu tena kwa mkono bila haraka. Magadi makali usiyaguse, maana hula aluminiamu. Wala usiing'arishe kabla ya kuipiga picha, kwa sababu utafuta alama zile zile unazozitafuta.

Mkusanyaji23:
Ahsanteni sana. Spiriti imesaidia, shafti sasa inazunguka. Sehemu iliyochongwa ipo, na alama ya duara puani inaonekana wazi. Nitarudi kwa muuzaji tuzungumze bei upya. Mwenye pointi za injini hii asizozihitaji, tafadhali aniandikie hapa.